Dumu la maji, fungu la mchicha

"Mama, dumu akipandisha yule kaka wa maji ni mia tano. Nikipandisha mimi ni bure?"

Mwanangu wa darasa la sita aliniuliza hivyo Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa saba, ameegemea jiwe la mlangoni petu, dumu tupu miguuni. Nilikuwa nimemtuma ashuke kioskini akachote maji ya bustani. Sijapata jibu, akaongeza: fungu la mchicha kwa yule mama anayepanga mboga pale chini ni mia tano, na viroba vyetu viwili tu vya mboga vinamaliza dumu zima kwa siku. Sasa si bora tununue mchicha?

Baba yake akacheka. Mimi sikucheka.

Nilimwambia aende, akaenda. Swali likabaki na mimi. Nilikuwa nalo kwenye daladala, nalo kazini, nalo usiku nikisikiliza bomba linavyokohoa siku za mgao. Wiki zimepita na bado halijaniacha, ndiyo maana naandika.

## Ziwa liko pale pale

Kwetu ni Igogo, Mwanza, juu, kule ambako nyumba na mawe zinagombania nafasi. Ukisimama uani unaona Ziwa Victoria mpaka macho yanachoka, meli ya Nansio inatoka, nyingine inaingia. Ziwa la kilomita za mraba zaidi ya 68,000, na sisi tunapanga foleni kwa dumu la lita 20. Wageni wakija huliona hilo kama kichekesho. Sisi wa mlimani tunajua kwamba maji hayapandi kwa kutazamwa. Yanasukumwa na pampu, pampu inataka umeme, na aliye juu kabisa ndiye anayefikiwa mwisho.

Udongo nao hatuna. Kuna mawe, na kuna mchanga uliotokana na mawe hayo hayo, ile luseni ambayo maji yakimwagika hayaulizi njia. Udongo wetu tuliununua bondeni, ukaja na kirikuu mpaka barabara inapoishia, kisha ukapandishwa mabegani kiroba kwa kiroba. Huku kwetu ukimkuta mtu baada ya mvua anazoa udongo mbele ya mlango wake na kuurudisha kwenye kiroba, usimcheke. Ni mali yake.

Tulianza mwezi wa kumi na moja. Vuli ilikuwa imeshika, binti yetu mkubwa ametoka kumaliza mtihani wa kidato cha nne na yuko nyumbani anasubiri matokeo, na mimi nilikuwa nimechoka kula mboga nisizojua zimemwagiliwa nini. Ukipita kandokando ya Mto Mirongo ukaona rangi ya maji yale, jioni kachumbari haishuki vizuri.

Baba watoto ndiye aliyeleta wazo la viroba. Alikuwa ameliona kwenye simu. Video zenyewe mnazijua: familia imependeza, sukuma wiki imefunika kiroba mpaka kiroba hakionekani, na sauti inakwambia anza leo, gharama ni ndogo.

Mvua ilipokuwa inanyesha, kila walichosema kilikuwa kweli. Mchicha ulikuwa tayari ndani ya mwezi. Tulikula, tukagawia majirani, tukapiga picha familia nzima tumesimama nyuma ya viroba. Picha bado iko kwenye simu yangu.

## Kiroba kinavyokunywa

Kabla sijaendelea, niseme jambo kuhusu kiroba chenyewe, maana wale wa kwenye video hawalisemi.

Kiroba kinapigwa na jua na upepo pande zote, kwa hiyo kinakauka kupitia ubavuni, tofauti na tuta lililolala ardhini. Mwezi wa pili mvua zilipopumzika, chainizi ikaanza kulala kila mchana hata kama imenyweshwa asubuhi. Siku moja nikamwagia ndoo nzima kwenye kiroba kimoja, nikasubiri, nikachomeka kidole. Juu tope. Kidole kilipofika kiungo cha pili, vumbi. Nikachukua kisu nikapasua ubavu. Maji yalikuwa yamepita pembeni, kati ya udongo na kiroba, yakatokea chini na kwenda kumwagilia mawe. Mizizi ilikuwa imejikunja juu juu, pale penye unyevu wa vidole viwili, na kwenda chini imekataa. Udongo uliochanganywa samadi nyingi ukishakauka kabisa hugoma kupokea maji, yanauteleza.

Dawa yake ni ya zamani. Wakati wa kujaza kiroba unasimamisha katikati kopo lisilo na kitako, ndani unaweka kokoto, nje unaweka udongo, kisha unalivuta kopo juu na kujaza tena, mpaka unabaki na nguzo ya kokoto kutoka chini hadi juu. Maji unayamwaga kwenye nguzo. Juu unatandaza majani makavu. Tulivunja viroba vyote tukavijaza upya, na maji yakapungua kweli.

Lakini hayakupungua mpaka kuisha. Kiangazi kilipoingia, chainizi na mchicha vilikuwa bado vinadai dumu lao.

Na dumu lilikuwepo. Kila asubuhi nikitoka kwenda kazini nakuta madumu yamejaa, yamepangwa kivulini.

## Safu iliyokosekana

Julai binti yetu alipangiwa kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Tulimsindikiza stendi ya Nyegezi na tranka lake, godoro na ndoo. Kesho yake madumu yalikuwa matupu, ndipo mdogo wake akatumwa, ndipo lile swali likaja.

Mnaona lilipotoka.

Kuanzia vuli ile mpaka Julai, hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuuliza bei ya maji ya bustani. Hakuna aliyemlazimisha binti, wala hatukukaa kikao tukamkabidhi. Alikuwa nyumbani, ni msichana, maji yanahesabiwa ni mambo ya jikoni, ikawa imetoka hiyo. Baba yake alipanga viroba. Mimi nilichagua mbegu. Mdogo wake alishika simu ya kupigia picha. Yeye akashuka ngazi zile na kuzipanda na lita 20 kichwani, yaani kilo 20, kabla jua halijakolea.

Tuna daftari la bustani. Baba watoto ni mtu wa madaftari. Limeandikwa udongo, kirikuu, waliopandisha udongo, samadi ya mbuzi, mbegu, viroba. Upande wa pili limeandikwa mboga tulizovuna na tungezinunua kwa shilingi ngapi. Kwa daftari lile bustani ilikuwa inalipa, tena vizuri. Waliopandisha udongo wamo, kwa sababu walilipwa. Aliyepandisha maji hayumo.

Ilibidi atumwe mtoto wa kiume ndipo maji yakapata bei.

Nilikaa na sentensi hiyo siku nyingi kabla ya kuiandika hapa, kwa sababu sitaki kumfanya mwanangu mkosaji. Swali lake ni halali. Ni swali ambalo dada yake alikuwa na haki ya kuliuliza mwezi wa kumi na mbili, na ninavyomjua, alikuwa na akili ya kuliuliza. Kilichokosekana ni mtu wa kumsikiliza bila kumwambia kwamba msichana mzuri halalamiki.

Tunapenda kusema "bustani ya familia". Kwenye vikundi vya mboga vya WhatsApp nilivyomo neno hilo halikauki. Ningependa siku moja kila anayelitumia atuambie na nani anayebeba maji nyumbani kwake, na kama mtu huyo aliulizwa.

## Simu ya matroni

Binti alipiga Jumapili kwa simu ya matroni. Tukaongea ya chakula, ya baridi, ya hesabu za kidato cha tano. Nikamuuliza, kama kwa mzaha, alikuwa anatumia madumu mangapi kwa bustani yetu.

Akacheka. "Mama, mimi nilikuwa nabeba nusu tu. Kwa nusu nyingine nilikuwa nazipa mboga maji ya kusuuzia vyombo. Mlikuwa hamjui?"

Hatukujua. Alikuwa ametenga beseni la pili, lile la kusuuzia baada ya sabuni, na jioni analimwaga kwenye nguzo za kokoto. Maji ya kuoshea mchele aliyapeleka kwenye matembele. Maji ya kufulia hakuyagusa kwa sababu siku moja aliyamwaga kwenye kunde na majani machanga yakageuka njano, mishipa tu ikabaki kijani.

Nimesoma kidogo baada ya hapo, na alikuwa sahihi. Sabuni ya unga ina chumvi za sodiamu ambazo zikirudiwa rudiwa zinaufanya udongo ugande, na uchachu wa udongo ukishapotea mmea unashindwa kupata madini ya chuma. Ndiyo ile njano. Sisi tulikuwa tunazidisha tatizo kwa kumwaga majivu ya jiko kila wiki, maana tuliambiwa majivu ni mbolea. Ni mbolea, lakini majivu na sabuni vinasukuma upande mmoja. Msichana wa miaka kumi na saba aliyegundua hayo kwa kutazama majani hakuwa na nafasi ya kuyaandika kwenye daftari, kwa sababu daftari lilikuwa la baba.

## Mkwe kutoka Ukara

Mwezi wa nane mama mkwe alikuja kupima macho. Kwao ni Ukara. Alivuka kwa mtumbwi mpaka Ukerewe, akafika Nansio, akapanda meli. Asubuhi ya kwanza nilimkuta ameinama kwenye viroba, amechukua udongo kiganjani, anaunusa.

Wanaoijua Ukara wapite haraka hapa: ni kisiwa kidogo chenye watu wengi kupita kiasi, na tangu miaka ya 1930 wataalamu wa kilimo wamekuwa wakikitaja kama mfano. Ng'ombe wanafungwa ndani na kuletewa majani. Samadi yao inazolewa na kubebwa mpaka shambani. Marejea yanapandwa ili yafukiwe yakiwa mabichi, yarutubishe ardhi. Miteremko ina kuta za mawe. Ardhi ile ile inalimwa miaka nenda miaka rudi bila kulazwa.

Nikamsifia. "Mama, ninyi ndio walimu wetu. Sisi tunaiga Ukara ndani ya viroba."

Alijifuta mkono kwenye khanga. "Mwanangu, waliohamia huku bara wakapata mashamba mapana, umewaona wanabeba samadi?"

Sikuwa na la kusema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jambo hilo limeandikwa na waliokichunguza kisiwa: Wakara waliohamia bara kwenye ardhi tele waliacha utaratibu ule wa samadi na marejea, wakalima kama majirani zao. Ujuzi walikuwa nao. Walichokosa ni sababu. Kisiwani walijitesa kwa kuwa ardhi iliwabana, na ilipoacha kuwabana wakaupumzisha mgongo. Mimi nilikuwa nimekulia kwenye sifa za kilimo kama wito, kama uzalendo, nikiwasikia wazazi wetu wakisimulia kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona ya miaka ya 1974 na 1975, halafu miaka ya themanini mshahara ulipoisha nguvu na kila mtumishi wa serikali akawa na mihogo nyuma ya nyumba. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Sikuwahi kumuuliza kama alipenda.

Nikamrudia mkwe na swali lililokuwa linaniwasha. "Na hiyo samadi, Mama, walikuwa wanabeba kina nani? Wasichana?"

"Kila mtu," akasema. "Asiyebeba angekula nini? Huyu mumeo alibeba akiwa mdogo kuliko huyu mjukuu wangu."

Baba watoto alikuwa sebuleni. Akaongeza sauti ya redio.

## Tuache au tuendelee?

Nilifikiria kuacha, na nilifikiria kwa dhati. Kwa hesabu ya kijana wangu, mchicha wa kiangazi mlimani ni hasara. Ukilipa maji, umelipa mboga mara mbili. Ukibeba mwenyewe, umejipunja. Sheria zetu za mjini nazo hazikutuwazia sisi. Kanuni za kilimo cha mjini za 1992 ziliweka ukomo wa ekari 3 kwa mtu mmoja. Ekari tatu! Uani kwetu, ukitoa mawe, hapatoshi kugeuza pikipiki.

Shangazi yangu yuko Luchelele, karibu na maji, na nilikuwa namwonea wivu. Lakini naye ana yake. Mei 2020 ziwa lilipanda likaipita hata rekodi ya 1964, na bustani yake yote ikawa makazi ya kambale. Maji yaliporudi, akakumbushwa kwamba sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Sasa analima juu zaidi, na anabeba ndoo.

Hatukuacha. Tulikata.

Chainizi imeondoka. Ni mboga nzuri, ila inakunywa sana na vidukari wanaipenda kuliko sisi. Mchicha tutapanda mvua zikiwepo. Kiangazi tunanunua kwa yule mama wa pale chini, ambaye kwa kweli ana watoto wa kusomesha. Mahali pake tumeweka vitu vinavyovumilia. Matembele tumeyashusha kutoka kwenye viroba yakatambaa ardhini pale maji ya bafuni yanapotokea, na tunayapika tu, hatuli kitu kibichi kutoka pale. Kunde ziko kwenye viroba vya kivulini. Mgagani umepewa viroba vilivyobaki.

Mgagani niusemee kidogo. Ukikosa maji unakimbilia kutoa maua, na ukishatoa maua majani yanakuwa madogo na magumu. Kwa hiyo kila jioni unapita na kuukata vikonyo vya maua kwa kucha, vile vyeupe vyenye ndevu ndefu, na vidole vinabaki na harufu isiyotoka kwa sabuni. Mkwe aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza, akaurudisha jikoni na maziwa, ukalala, ukaliwa kesho yake na ugali wa udaga. Mwanangu alisema ni mchungu. Mimi sikuwa nimekula mgagani wa namna ile tangu nilipokuwa mdogo, na pale chini kwa mama wa mboga haupatikani kirahisi. Huo hauna bei ya kulinganisha, kwa hiyo kwenye daftari tumeacha pengo.

Sheria ya sasa ni moja: bustani hainywi maji safi. Inapata ya kusuuzia, ya mchele, ya kunawia. Kisichoweza kuishi kwa hayo hakipandwi. Beseni la kusuuzia lina zamu, imebandikwa mlangoni, na majina yote ya nyumbani yamo, hata langu, hata la baba. Binti ameshaarifiwa kwamba likizo akija jina lake litaongezwa siku moja, si saba. Daftari lina safu mpya, na mwanangu ndiye mwandishi wake. Anaandika kila dumu lililopanda mlimani, limebebwa na nani, na pembeni anaweka mia tano hata kama hakuna aliyelipwa.

Kimebaki kiporo kimoja. Baba watoto anataka nyanya. Nimemwambia kuhusu kantangaze, yule mdudu wa nyanya, nimemwonyesha majani ya jirani yalivyochorwa mahandaki meupe, nimemkumbusha kwamba nyanya ikikosa maji siku mbili halafu ikayapata ghafla inapasuka. Hasikii. Basi amepewa kiroba kimoja, kwenye kona ya jua, na maji yake anabeba mwenyewe.